Mkomamanga wa Mwantumu

Wajukuu, mpo? Itikieni basi: tupo, na masikio tumekuja nayo! Haya. Enzi zile za mbali, ambazo hata bibi yangu alizisikia kwa bibi yake, palikuwa na kijiji kikiitwa Magangani, na Magangani walikuwa na mila yao moja ya ajabu. We Siti, acha kuchokonoa jamvi langu, sikiliza.

Msichana akichumbiwa, alikata kijiti katika mkomamanga wa mama yake, akakitia kwenye kijungu cha udongo mpaka kikatoa mizizi. Siku ya kuhamia kwa mumewe akaja nacho, akakipanda mlangoni. Mkono wake tu ndio ulioruhusiwa kukigusa, na maji yake tu ndiyo kiliyoyanywa. Ikitimia miezi miwili, kungwi anakuja kuhesabu majani mapya. Yakiwa matatu, bibi harusi amekubalika. Yakipungua, anafungasha mkeka wake anarudi kwao.

Msicheke! Walirudishwa kweli. Dada yake Mwantumu alirudishwa, mkeka kichwani, mchana kweupe, watu wakichungulia madirishani. Tangu siku ile hakutoka tena nje ila kwa kujifunika uso. Kwa hiyo Mwantumu alipoolewa na Kombo, akakipanda kijiti chake huku akimkumbuka dada yake.

Na Mwantumu alimpenda Kombo, msione haya nikisema. Aliipenda na nyumba yenyewe: baba mkwe mpole, wifi yake Mize mcheshi. Mama mkwe tu, Bi Kidawa, ndiye aliyemtia hofu. Bi Kidawa hakucheka naye hata siku moja. "Huyu ananingoja nirudi kwetu," Mwantumu akajisemea moyoni.

Wiki ya kwanza, mche kimya. Akasema, ala, mti uliohamishwa hununa kwanza, hata mimi nilinuna. Wiki ya pili, kimya. Akasema ni jua, akauezekea kijibanda cha makuti. Kimya. Akasema ni kivuli, akakibomoa. Kimya. Akatia samadi ya mbuzi. Loo! Badala ya kuchipua, yale majani mawili ya zamani yakageuka manjano, moja likadondoka miguuni pake. Akalia, maskini, akalifunga lile jani kwenye pindo la kaniki yake.

Kombo akamwuliza, "Unaumwa, mke wangu?"

"Siumwi."

"Mbona huli?"

"Mkomamanga ukichipua, nitakula."

Kombo akautazama mche, akatoka.

Siku moja Mwantumu akatia kidole kwenye udongo. Tope! Akanusa: harufu ya dimbwi. Akafukua kidogo, akaona mizizi iliyokuwa myeupe imekuwa ya kahawia, inavutika kama uzi mbovu. "Basi ni maji," akasema. "Nimeuzamisha mwenyewe." Akaacha kuumwagilia. Siku ya kwanza hakutia hata tone. Ya pili hakutia. Ya tatu hakutia. Siku ya nne akatia kidole tena. Tope!

Nanyi niambieni, hayo maji yalitoka wapi? Mvua? Hapakuwa na mvua! Umande? Umande gani wa kujaza shimo!

Alfajiri ya siku ya tano akajibanza nyuma ya mlango. Mara, kwa kunyata, akaja Bi Kidawa, kata ya maji kaificha ndani ya kaniki. Akainama, akamwaga, akaunong'oneza mche: "Kua, baba, kua. Usiniondolee mwanangu huyu. Nimeogopa hata kumzoea, nisije nikalia akienda." Akaondoka. Hajafika mbali, akaja baba mkwe na kibuyu, akamwaga maji yake. Akaja Mize na kata yake. Wa mwisho nani? Kombo! Aliyeaga kwamba anakwenda shamba!

Mwantumu akakaa chini pale pale, kicheko na machozi vikamjia pamoja. Lakini afanye nini? Akinyamaza, mche unakufa. Akisema, amewafichua, kwani mche ulioguswa na mkono mwingine haukuhesabiwa, na bibi harusi wake hurudishwa.

Akang'oa mche kwa upole. Akakata mizizi iliyooza, akatandaza vigae vya chungu shimoni, akachanganya udongo na mchanga, akaupanda upya juu ya kichuguu kidogo. Mchana, wote wamekaa wanakula, akasema huku akipakua wali, "Kwetu, mama, mkomamanga ukihamishwa haupewi maji mengi. Husema mizizi haitembei ila kwa kiu."

Weee! Kila mmoja akaitazama sahani yake. Baba mkwe akapaliwa. Toka siku ile hakuja mtu mlangoni alfajiri.

Lakini siku zilikuwa zimebaki kumi na mbili tu. Siku ya hesabu akaja kungwi, Bi Hidaya, mzee wa fimbo na maneno machache. Akainama. Juu ya kile kijiti palikuwa na jani moja jipya, dogo, jekundu.

"Moja," akasema Bi Hidaya. "Mila yataka matatu."

Mwantumu akaingia ndani, akatoka na mkeka wake, ameshaufunga kamba. Hapo Bi Kidawa akapiga ukelele: "Weka chini, mwanangu, huo mkeka! Mche niliuozesha mimi, niliutilia maji kila alfajiri!"

Baba mkwe akakohoa. "Na mimi."

"Na mimi," Mize akasema.

"Na mimi," akasema Kombo, anatazama chini.

Bi Hidaya akawatazama mmoja mmoja, kisha akakaa kizingitini, akacheka mpaka akajifuta machozi. "Miaka yote hii nahesabu majani," akasema, "nijue kama mgeni ameshika mizizi katika nyumba. Watu wanne wameiba maji ili huyu asiondoke, nami nihesabu majani ya nini? Fungueni mkeka huo."

Akaufungua Bi Kidawa mwenyewe, vidole vyake vikigombana na fundo. Akautandika. Kisha akamgeukia mkwewe, uso ule ule umekunjamana: "Unasimama nini? Wali unaungua!" Na Mwantumu akakimbilia jikoni, analia na kucheka.

Basi wajukuu, mpendeni mtu, lakini mwambieni kwa mdomo, msimzamishe kwa siri. Na kilichohamishwa, mti au mtu, kipeni muda.

Kisa changu nimekipanda hapo. Atakayekichukua akipande kwake, na maji asizidishe.