Sahani ya Tonge

Wahenga hawakuwa na roho mbaya waliposema kwamba anayeogopa kilio cha mwanawe atakuja kulia yeye. Hawakututuma tuwapige watoto wala tuwanyime. Walitaka tujue kwamba kilio cha mtoto hakipotei bure. Mzazi akikikwepa leo, kinamsubiri mbele ya safari, na hapo kinakuwa kimekomaa. Asiyeamini na asikilize habari za fundi cherehani mmoja na mwanawe.

Fundi huyo alikuwa mke wa mwashi. Walijaaliwa binti, kisha mimba tatu zikaharibika, ndipo akaja mvulana. Mvulana huyo alilelewa kama yai. Mama yake alishona huku amembeba mgongoni, na mtoto akiguna tu, cherehani ilisimama. Wateja walinung'unika, naye akawajibu kwamba gauni linaweza kungoja.

Vita vilianza mtoto alipofika umri wa kula na wenzake mezani. Hakutaka mboga za majani, hakutaka maharagwe, na maini yalimfanya azibe pua. Sasa baba yake alikuwa mtu wa tofali juu ya tofali, na sheria yake ilikuwa moja: haondoki mtu mezani na chakula kwenye sahani. Basi mtoto alitia tonge mdomoni, akaliweka shavuni, likakaa humo tangu taarifa ya habari inaanza redioni mpaka inakwisha. Ndiyo maana baba yake akambandika jina la Tonge, na mtaa mzima ukalipokea.

"Tonge, meza."

"Nameza, Baba."

Shavu limevimba kama la mtu mwenye jino bovu.

Kisha yalikuja machozi. Hayakuwa na sauti. Yalitiririka tu na kudondokea kwenye sahani, na hayo ndiyo yaliyomshinda mama. Mwashi alipoinuka kwenda kunawa, alinawa hadi viwikoni, maana mazoea ya saruji hayatoki kirahisi. Muda huo ulitosha. Mama aliivuta sahani ya mtoto, akayakusanya maini kwa vidole na kuyala yeye mwenyewe harakaharaka, bila hata kuyatafuna vizuri.

"Kamaliza?" mwashi aliuliza akirudi.

"Kamaliza," mama alijibu, akijifuta mdomo.

Binti aliyaona yote. Yeye naye hakuyapenda maini, ila machozi yake hayakuwahi kumwokoa na kitu. Siku moja wakiosha vyombo alisema, "Mama, hayo maini utamlia mpaka lini?"

"Mpaka akue. Mwache mwenzio, tumbo lake si kama lako."

Haya, akakua. Machungu ya dunia hayakumwisha, ila kila uchungu ulipata mlaji wake. Alipomtukana mwalimu, mama ndiye aliyekwenda kuomba radhi. Alipelekwa kujifunza useremala akaacha, eti vumbi la mbao linamkera, na mama akamwambia mwashi kwamba karakana imefungwa. Alipofika umri wa kuoa, Tonge alikuwa kijana mpole, mcheshi, anayependwa na kila mtu mtaani, na hajawahi kumaliza jambo lolote asilolipenda.

Ndipo kikaja kikohozi. Kilimkaa kifuani wiki baada ya wiki, suruali zikaanza kumlegea. Zahanati walipima makohozi wakaona ni kifua kikuu. Muuguzi aliwakalisha mama na mwana, akaongea nao bila kuficha.

"Ugonjwa huu unapona," alisema. "Lakini vidonge ni kila siku, miezi sita, hata akijisikia mzima. Akirukaruka siku, ugonjwa unazizoea dawa, na hapo mambo yatatuwia magumu sote. Mama, wewe ndiye utakayemsimamia. Usimpe ukaenda zako. Mtazame ameze, kisha afungue mdomo uone."

"Nitamtazama, mwanangu," mama alimwahidi muuguzi, na wala hakuwa akidanganya. Alimpenda mtoto wake kufa.

Mwezi wa kwanza alitimiza. Tonge alimeza akatapika, akameza tena. Mwezi wa pili kikohozi kilitulia na uso ukarudi kuwa uso, ila kichefuchefu hakikumwacha. Asubuhi moja alikaa kitandani na vidonge kiganjani, akaanza kulia yale machozi yake yasiyo na sauti. Mtu mzima, ana ndevu.

"Mama, leo tu. Tumbo limechoka. Kwani huoni nimepona?"

Mama aligeuka akatazama mlango. Mwashi alikuwa nje, anafunga kamba za viatu vya kazi.

"Basi leo pumzika," alinong'ona. "Lakini kesho utameza."

Alivichukua vidonge, akaenda kuvitupa chooni. Aliporudi mwashi alimuuliza, "Kameza?"

"Kameza."

Laiti angejua alichokitupa. Leo tu ile ilizaa leo tu nyingine, nayo ikazaa nyingine, na muuguzi alipouliza zahanati alijibiwa vivyo hivyo, kwa sauti ya upole kabisa. Uongo ulikwisha kumzoea mdomoni.

Kikohozi kilirudi, safari hii na damu. Hospitali kubwa walimlaza, na baada ya vipimo daktari akasema dawa za kwanza hazimfai tena na mapafu yameharibika sana. Watamwanzishia dawa kali zaidi, lakini wamechelewa. Kisha akauliza kama mgonjwa alikuwa akimeza dawa kila siku.

Mama alifungua mdomo aseme ndiyo. Ikamshinda.

"Hakuwa akimeza," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nazitupa."

Mwashi alikuwa amesimama ukutani, kofia mkononi. Hakufoka, na ingekuwa nafuu angefoka. "Kumbe miaka yote nilikuwa namuuliza nani?" alisema, akatoka nje.

Binti alibaki. "Mimi nililia mbele ya maini yale yale, Mama," alisema. "Ukaniacha nikayala. Ningejua yatafika hapa, ningekuomba umwache naye ayale."

Tonge sasa alimeza. Hakuna aliyemhimiza wala kumsimamia. Alimeza akatapika, akaomba vingine.

"Mama, nimemeza. Angalia." Akafungua mdomo, midomo imekauka na kupasuka. Mama akaangalia. Hamkuwa na kitu. "Nitapona, eh?"

"Utapona, mwanangu," akamwambia, na huo ukawa uongo wa mwisho aliomwambia. Tonge alikata roho mchana, wauguzi wakibadilishana zamu.

Siku ya maziko majirani walijaa uani. Wanawake walimshika mama mikono, wakamwambia ajikaze, kazi ya Mungu haina makosa. Hakuwasikia. Alilia hadi sauti ikamkauka, akaendelea kulia bila sauti, na katika watu wote wale hakukuwa na hata mmoja aliyeweza kumpunguzia fungu lake. Mchelea mwana kulia hulia yeye.