Mhuri wa Fisi

Hapo zamani za kale, watoto, kabla ya sufuria na kabla ya panga, wawindaji walikata nyama kwa visu vya mawe. Siku moja walishiba, wakahama, wakaacha majivu na mifupa ya nyumbu.

Fisi akawa wa kwanza kufika. Akaikalia ile mifupa kama kuku anayeatamia.

Bi Mbweha akaja mbio. Alikuwa na watoto watatu shimoni, na maziwa yamemkauka. Uboho ulikuwamo ndani ya mifupa, lakini kwa vimeno vyake angeguguna mpaka azeeke.

"Shikamoo, Bwana Fisi. Nigawie mmoja tu, watoto hawajanyonya tangu juzi."

"Marahaba. Hupati! Yote naipeleka kwa mke wangu."

"Haya. Lakini Simba akikukuta njiani, atajuaje kuwa ni yako?"

"Si nimeibeba?"

"Hata mwizi hubeba! Hebu tazama. Mikwaruzo hii ni ya visu vya watu. Watu wana alama yao. Yako iko wapi?"

Fisi akaugeuza mfupa huku, akaugeuza kule. "Ala! Sina!"

"Basi gonga mhuri. Ng'oa vichwa vyote viwili vya mfupa, cha huku na cha kule. Nani mwingine ana taya kama hizo?"

"Simba mwenyewe hanifikii!" KRAAK! Akang'oa kichwa hiki. KRAAK! Akang'oa na kile, akavimeza. "Umeuona mhuri?"

"Nimeuona, mheshimiwa! Ila umejaa mate. Lete niufute."

Akaingiza ulimi, fyoo! Uboho ukateremka tumboni.

"Mwingine!" KRAAK! Fyoo! Fisi anagonga, Bi Mbweha anafuta, mpaka mifupa ikaisha. Bi Mbweha akaaga kwa adabu, tumbo limemtuna, akaenda kunyonyesha wanawe.

Fisi akafika kwake na mzigo kichwani. "Mke wangu, pokea! Yote ina mhuri wangu!"

Bi Fisi akachukua mfupa mmoja, akafumba jicho moja, akachungulia.

"Mume wangu, naiona pua yako."

"Unaiona wapi?"

"Upande wa pili wa mfupa. Uboho uko wapi?"

"Aaa... umefutwa."

"Na nani?"

Mkewe akautia mfupa mdomoni, akapuliza: Puuuu! Ukalia kama filimbi.

"Haya, kaa chini, mume wangu. Leo tunakula muziki."

Nanyi watoto, mtu akizisifu nguvu zenu, mwangalieni kwanza anameza nini.