Kabureta ya Juu ya Pipa la Pumba

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme, ni ile ya injini za kuvutwa kwa kamba, Nakunda wa Upareni alikuwa na pampu ya maji. Tambarare nzima ilimwagilia vitunguu kwa zamu, na zamu zote zilianzia kwenye pampu yake.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kibaya. Mto ukabaki kidimbwi, maji ya kutosha shamba moja tu. Hapo hapo kabureta ya pampu ikapasuka, na madukani za aina ile zilishakoma kuletwa. Nakunda mwenyewe alishavuna, lakini alipoona vitunguu vya majirani vinalala chini, roho ilimuuma. Akatangaza mbele ya watu, "Atakayeifanya injini hii ingurume, zamu ya kwanza ni yake."

Shemeji yake, Senzighe, alikwenda kumjulia hali Bibi Navoneiwa, jirani yao mjane. Akaona chuma juu ya pipa la pumba.

"Bibi, hiki ni nini?"

"Cha kuzuia mbuzi wasifunue pipa. Kilitoka kwenye pikipiki ya marehemu. Wanunuzi wa vyuma chakavu wamenisumbua miaka, siuzi."

Senzighe akakisugua masizi yakatoka, akapima koo lake la kupitishia hewa kwa bua la mtama. Akakimbia hadi kwenye pampu: bua lile lile, koo lile lile. Akarudi mbio kwa Bibi.

"Bibi, hii ni kabureta! Itatufaa!"

Bibi akakipapasa kile chuma. Kilikuwa ndicho kitu pekee cha mumewe kilichobaki. "Haya, chukua. Mbuzi wakila pumba zangu, utanijibu wewe."

Lakini matundu ya skrubu hayakulingana. Wakamwita Mbonea, fundi baiskeli. Mbonea akakata kitako cha sufuria ya mkewe (mkewe hakuongea naye tena wiki ile), akakitoboa kikawa bamba la kuunganishia; gasketi ya kuziba upenyo akaikata kwenye boksi la viatu. Injini ikawaka, ikakohoa moshi mweusi, ikazimika.

"Inakunywa mafuta mengi. Imezoea injini ya mbio," alisema. Akaziba kitundu cha mafuta kwa risasi ya kuyeyusha, akakitoboa upya kwa sindano nyembamba. Nakunda akavuta kamba. Injini ikanguruma, vigelegele vikapigwa.

Vigelegele havijaisha, kila mmoja akasimama kwenye mdomo wa mfereji wake.

"Nisingekitunza," alisema Bibi Navoneiwa, "leo kingekuwa sufuria mjini. Nimetoa cha marehemu, mwanangu."

"Nisingekitambua, shemeji," alisema Senzighe, "kingekuwa bado kinagombana na mbuzi."

"Mlikuwa na chuma na jina lake," alisema Mbonea. "Mngurumo nimeuleta mimi, dada. Na sufuria je?"

Nakunda akawatazama. Watoto wa wote watatu aliwajua kwa majina, na vitunguu vya wote watatu vilikuwa vinakufa. Alijuta kwa nini hakusema neno lingine siku ile, lakini hilo ndilo alilolisema.

Na msiniambie wagawane, nimeshasema maji ni ya shamba moja. Nakunda ameshika jembe kwenye njia panda ya mifereji, maji yameshamfika miguuni, nayo hayangoji mtu. Je, nyie mnaonisikiliza, nani aliifanya injini ingurume, na Nakunda amfungulie nani?