Pelele na Figa la Tatu

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa nyumba ina mtu, na mtu si mwenye nyumba.
Basi tegeni sikio, tumtoe.

Hapo kale Kilima cha Majabali kilikuwa makao ya wanyama wadogo. Pelele alikaa huko, mnyama wa mawe asiye na mkia, na mama yake alizikwa mbele ya mlango. Ikaja njaa. Mvua haikunyesha mwaka wa kwanza, haikunyesha mwaka wa pili. Wanyama wakafunga mizigo wavuke mto. Fisi akawaambia waende kwa amani, yeye atawalindia nyumba zao. Mfupa wa mwaka jana ulimtosha.

Kilimani kulikuwa na desturi. Anayehama huchukua figa moja kati ya matatu ya jikoni kwake, akaacha mawili. Yale mawili husema: mwenyewe yupo. Lile moja husema: nitarudi. Nyumba yenye mafiga mawili haiingiwi na mtu. Pelele akalifunga figa lake katika nguo, akalibeba mgongoni, akavuka.

Ng'ambo walikaa miaka saba. Walilima mashamba ya wenyewe, walichota maji ya wenyewe. Kila asubuhi Nyani, mwenye nchi ile, aliwauliza kwa upole kabisa wataondoka lini. Watoto wakazaliwa huko, wakajifunza kucheka kama Nyani.

Mwaka wa saba akaja Kunguru, kaa, kaa, na ujumbe wa Fisi. Mvua imenyesha. Kilima kinawalilia wanawe. Warudi upesi, tena wasirudi mikono mitupu. Waje na kunde, na ufuta, na watoto walionona.

Wakakaa kikao siku tatu. Digidigi akasema hapa wanadharauliwa, lakini wameshiba. Mkewe akasema shibe ya kudharauliwa ni njaa nyingine. Mmoja akauliza kwa nini Fisi ametaja watoto na unono kwa pumzi moja. Kobe peke yake hakuona tatizo, maana yeye nyumba yake anatembea nayo, akawaambia wote wanapoteza muda.

Pelele ndiye aliyekumbuka nyumba ya nani ilikuwa wapi na nani alizikwa wapi, na hakupenda mtu akosee hata jina moja. Alikuwa akiliwaza lile kaburi. Nani alikuwa akilipalilia?

"Mimi nakwenda kwa mama yangu," akasema. "Anayetaka anifuate. Asiyetaka asiitwe mwoga."

Wengine wakabaki, wengine wakamfuata. Tii, tii, tii, wakatembea. Chubwi, chubwi, chubwi, wakavuka. Tii, tii, tii, wakafika.

Wakamkuta Fisi amelala mlangoni kwa Pelele, kichwa amekilaza juu ya kaburi la mama yake.

"Nyinyi mmetoka wapi?" akauliza.

"Hapa," akajibu Pelele.

"Hapa ni kwangu. Baba yangu kazaliwa hapa. Nyinyi ni wageni, na mgeni huweka mzigo chini, akawatanguliza watoto ndani wapumzike."

Damu ikampanda Pelele hadi masikioni. Miaka saba ng'ambo aliitwa mgeni akavumilia, kwa kuwa ilikuwa kweli. Leo anaitwa mgeni na yule aliyemwita, tena akiwa amelalia kaburi la mama yake. Alitaka kumng'ata. Lakini meno ya pelele na shingo ya fisi, wapi na wapi. Akameza mate.

"Tumekosea sisi, bwana Fisi. Sisi ni wageni, wewe ni mwenyeji. Basi mwenyeji, tupikie. Kunde hizi, ufuta huu."

Fisi akacheka, hii-hii-hii, maana alikusudia kula vyote, kwanza chungu, kisha wageni. Ila Fisi hajapika tangu azaliwe. Yeye hula kibichi, na hajui jiwe la jikoni wala jiwe la njiani. Akaingia, akakiteleka chungu juu ya mafiga mawili. Kikainama, bwaa. Akakiteleka tena. Kikainama, bwaa.

"Wahenga wa kwetu wanasema mafiga mawili hayainjiki chungu," akasema Pelele. "Wahenga wa kwenu wanasemaje?"

"Jiko la ukoo wetu ni la mawili," akasema Fisi. "La tatu ni mwenye nyumba."

Akageuka, akaegemeza makalio yake kwenye chungu. Kikakaa wima. Pelele akawasha moto.

Moto ukawaka, mwaa. Kunde zikachemka, pu, pu, pu. Pelele akauliza kama mwenyeji ni mzima. Fisi akajibu ni mzima, tena jiko limepoa kidogo. Pelele akaongeza kuni. Manyoya yakaanza kulia, chii. Akauliza tena. Fisi akajibu ni jasho tu. Akiinuka, chungu kitamwagika. Akikaa, ataiva yeye. Ulafi ukamwambia kaa. Pelele akaongeza kuni.

Harufu ya makalio ilipoishinda harufu ya ufuta, Fisi akaruka, akapita mlangoni bila kuaga. Hadi leo anatembea kiuno kimeshuka, na moto akiuona anazunguka mbali.

Chungu hakikumwagika. Pelele alikuwa ameshalifungua figa lake, akalisukuma mahali pake, kop. Likaingia katika shimo lake kama jino katika ufizi. Hakuna aliyeuliza tena mwenye nyumba ni nani.

Wakala. Digidigi na mkewe wakaenda kutafuta jiko lao. Pelele akatoka, akafagia manyoya ya Fisi juu ya kaburi la mama yake, akang'oa magugu ya miaka saba. Aliporudi ndani, mwanawe mdogo alikuwa ameshiba, anapiga miayo.

"Mama," akauliza, "tutarudi nyumbani lini?"

Nyumbani, yaani kule ng'ambo kwa Nyani. Pelele alikaa karibu na jiko, mkono juu ya figa, nalo lilikuwa bado lina moto.

Ngano nimeitua hapa. Mwenye mgongo aibebe.

Na funzo lake ni hili: ukihama, mwachie Fisi nyumba yako, kwani ni mlinzi mwaminifu, hakuondoka hata siku moja. Ukirudi, msalimie kwa adabu. Wala usibebe mawe safarini. Yanaumiza mgongo bure.