Visheti vya Bibi Mwatime

Paukwa!
Pakawa!
Mbona sauti za wenye njaa? Paukwa!
PAKAWA!

Haya. Hapo zamani za kale, katika kijiji ambacho jina lake nimelimeza, palikuwa na binti aitwaye Siwatu. Alimpenda kijana mmoja, Makame, mpaka akawa anatia sukari kwenye mchuzi.

Kijiji kile kilikuwa na mila yake. Siku ya harusi, kila nyumba ya ukoo wa bwana harusi huja na sinia lake. Visheti vya bibi harusi hugawanywa sawasawa, sinia kwa sinia. Kikibaki hata kimoja, na binti hubaki kwao. Harusi hakuna!

Na zitakuja nyumba ngapi? Haisemwi, mpaka wafike.

Siwatu hali, halali. Bibi yake, Mwatime, anakaanga tu. Chwaa! Siku tatu, chwaa! chwaa! Alipofikisha visheti elfu mbili mia tano na ishirini, akaepua karai.

"Bibi, ongeza basi, vifike elfu tatu!"

"Elfu tatu? Wakija saba itakugeuka hiyo. Mjukuu wangu, nimepanga kokoto tangu masika. Hesabu hii ndiyo ndogo kuliko zote inayowakubali wote, mmoja mpaka kumi, bila kubaki hata kimoja. Na nyumba zao ni kumi. Kaoge."

Siku ikafika. Vigelegele! Masinia saba. Gawa, gawa, gawa, pu! pu! pu! Kila sinia mia tatu na sitini. Hakikubaki kitu!

Shangazi yake Makame, Bi Mboza, alikuwa na binti mwingine aliyetaka kumwozesha mpwa wake. Akakohoa. "Ngojeni, kuna la nane."

Mwaga! Gawa, gawa, pu! pu! Mia tatu na kumi na tano. Hakikubaki kitu!

"La tisa!" Mia mbili na themanini. Hakikubaki!

"La kumi!" Mia mbili hamsini na mbili. Hakikubaki! Wanawake wakaruka, wazee wakaruka, Siwatu akacheka mpaka ushungi ukamdondoka.

Bi Mboza akatoka mbio. Akarudi na sinia jipya linang'aa. "Na mimi nimejenga juzi. Nyumba ya kumi na moja!"

Siwatu akamgeukia Bibi, maana kokoto za Bibi ziliishia kumi. Gawa... gawa... pu... Kila sinia mia mbili ishirini na tisa. Na juu ya mkeka, kimoja.

"Kimebakiii!" Bi Mboza akarukaruka. Siwatu akaangua kilio.

Bibi Mwatime akakiokota. "Kimebaki wapi? Siku tatu nakaanga, sijaonja. Wazee, kwenu mpishi hunyimwa?"

Wazee wakatazamana. "Mpishi hanyimwi."

Kru! kru! kru! Akameza. "Haya Mboza, nionyeshe kilichobaki."

Bi Mboza akainua mkeka, akachungulia. Hamna! Vigelegele vikapasua anga, na Makame akamchukua mkewe.

Bibi akiwasindikiza njiani, Siwatu akanong'ona, "Bibi, kumbe ya kumi na moja uliijua?"

"Mboza namjua tangu anatambaa."

Basi, ukiwapikia wageni, hesabu na yule atakayekuja kukuharibia. Hadithi yangu imeishia hapo. Na kisheti kikibaki, ni cha msimulizi.