Herufi Tatu Kwenye Sinia la Bi Mishi

Palikuwa na sultani aliyejua maneno matatu tu ya Kiingereza, na kwa maneno hayo matatu aliwasumbua watu kuliko wenye lugha kumi. Msinilaumu nikimcheka. Mimi mwenyewe nimezunguka bandari za watu na Kiingereza cha kuombea maji, nikaletewa sabuni, nikashukuru. Lakini mimi sikuwa na askari.

Sultani Sharwani alikuwa nao. Mgeni mmoja wa ng'ambo alimwachia zawadi ya herufi tatu za mpingo: T, E na A. Akamwonyesha kwamba ukizipanga hivyo unapata *tea*, ndiyo chai. Ukiitoa T mbele ukaiweka nyuma, unapata *eat*, ndiyo kula. Ukiitoa na E ukaipeleka nyuma, unapata *ate*, yaani alikula, kazi imekwisha. Mgeni akaenda zake. Sultani akabaki na vibao vyake kutwa, anapanga, anapangua, anacheka peke yake.

Sasa, ubavuni mwa jumba lake palikuwa na jiko la Bi Mishi, mjane mwenye mkono mtamu na ulimi mkali. Wachukuzi wote wa mji walikula pale. Sultani alipataka mahali hapo ajenge banda la farasi. Kumnyang'anya hivi hivi aliona haya, maana mji mzima ungenuna. Akatafuta njia yenye adabu. Akamwita barazani mbele ya Kadhi na mkalimani wake, Bwana Feruzi.

"Mama mpishi, unajua Kiingereza?"

"Najua kitunguu, Maulana."

Sultani akampangia yale maneno matatu, moja baada ya jingine, akamweleza maana zake. Kisha akavisukuma vibao mbele yake.

"Nataka yote matatu yasomeke kwa pamoja, nami niyaone. Herufi ni hizi hizi tatu, usiongeze hata moja. Na ukishazipanga, hakuna kuzisogeza. Kesho adhuhuri. Ukishindwa, jiko langu."

"Na nikiweza?"

"Jiko lako, wala hakuna wa kukugusa. Kadhi ni shahidi."

Kadhi akaitikia kwa unyonge. Yeye naye alikuwa mteja wa pale.

"Maulana," Bi Mishi akauliza, "farasi wanakula pilau?"

"Kwa nini?"

"Nawajua wateja wa zamani. Nilitaka kuwajua wapya."

Siku ya pili Sultani hakutia kitu kinywani tangu alfajiri. Alitaka kula na ushindi wake. Adhuhuri ikakaribia, Bi Mishi hayupo. Ikabaki kidogo tu, hayupo. Sultani alipokwisha kuanza kupima banda kwa macho kutoka dirishani, harufu ya pilau ikaingia, na nyuma yake Bi Mishi na sinia kubwa kichwani, limefunikwa kawa.

Akalitua katikati ya mkeka. Sultani alikaa mahali pake pa siku zote, Kadhi kuliani kwake, Feruzi kushotoni. Bi Mishi akafunua.

Ukingoni mwa sinia vile vibao vilikuwa vimegandishwa kwa unga uliokandwa, kimoja mbele ya kila mtu. Mbele ya Sultani T, na kikombe cha chai. Mbele ya Kadhi E, na mlima wa pilau la mbuzi. Mbele ya Feruzi A, na rundo la mifupa iliyokwisha kugugunwa.

"Kila mtu aanze na herufi iliyo mbele yake," akasema, "azunguke nazo kwa mkono wa kulia. Maulana, wewe kwanza."

"*Tea*. Chai."

"Kadhi?"

"*Eat*," Kadhi akasema, na mkono wake ulikuwa umeshafika.

"Bwana Feruzi?"

Feruzi akaitazama mifupa. "*Ate*. Walikula. Wengine."

Sultani akakunja uso. "Mimi nimeona moja tu. Nilisema niyaone mimi."

"Yote yapo, Maulana, na kwa wakati mmoja. Au Kadhi ni mwongo?"

Kadhi akatikisa kichwa kukataa. Kusema hakuweza, kinywa kilikuwa kimejaa.

"Geuza sinia," Sultani akaamuru.

"Nikiligeuza, herufi zimesogea. Sharti ni lako, si langu."

Sultani akanyoosha mkono taratibu kuelekea kwenye ule mlima. Kadhi akakohoa. Mkono ukarudi. Akila kilicho mbele ya mwenzake, hata mtoto hupigwa kofi, na mlangoni askari walikuwa wanatazama.

"Basi niletee pilau jingine."

"Lipo jikoni, Maulana. Ila jiko sijui ni la nani mpaka hukumu itoke. Siwezi kupakua kwenye jiko la watu."

"Mwanamke, una maneno."

"Nilipewa matatu tu jana. Kama unataka kuyaona, inuka uzunguke, ukae kila upande usome."

"Sultani hazunguki sinia kama paka."

"Sawa, Maulana."

Kadhi akavunja mfupa, akafyonza uboho wake. Sultani akameza mate. Akatazama kuliani: nguzo ya baraza ilikuwa imembana Kadhi ubavuni, hapakuwa na pa kupita. Akatazama kushotoni. Njia ya kwenda kwenye pilau ilipita kwa Feruzi.

"Nikipita huko," akasema polepole, "nitakuwa nimeyaona yote matatu. Jiko litakuwa lako."

Bi Mishi akakisogeza kikombe karibu naye.

"Hakuna anayekulazimisha, Maulana. Chai ipo."