Kwa Nini Bingwa wa Mbwego Hupatikana kwa Jumamosi Saba

Kulikuwa na wakati, na si wakati wa kusimuliwa maana mimi niliukuta, bingwa wa pikipiki wa Mbwego alipatikana kwa siku moja. Asubuhi hayupo, jioni yupo. Hapakuwa na Jumamosi ya kwanza wala ya saba, wala kujumlisha alama za Juni na za Agosti kama mnavyofanya leo huku mnakuna vichwa. Ilikuwa Sabasaba, basi. Aliyeamka na homa siku hiyo alikuwa ameukosa mwaka mzima.

Mbwego lilikuwa shamba la mkonge. Uwanja huu mnaoukalia na miamvuli yenu na karanga zenu ulikuwa wa kuanikia singa, nyuzi za mkonge. Mafundi wa karakana ndio walioanza kushindana hapa, kwa pikipiki kuukuu ambazo wanyapara walizichoka. Wakang'oa breki, maana mwenye kushika breki kwenye vumbi anamuua aliye nyuma yake. Wakaacha gia moja. Wakazunguka kwa kushoto, mguu wa kushoto umevikwa kiatu cha chuma kilichofuliwa kwa sipringi ya lori, wakiuburuza chini kwenye kona na pikipiki inakwenda ubavuubavu kama kaa. Hayo yote hayajabadilika. Kilichobadilika ni hesabu.

Hesabu ya zamani ilikuwa hivi. Waendeshaji kumi na sita. Wanatoka wanne wanne, mizunguko minne, wa kwanza alama tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, wa mwisho anakula vumbi. Kila mmoja anakimbia mara tano, na mpaka jioni amekwisha kukutana na kila mmoja wa wenzake, mara moja, si mbili. Alama kumi na tano ndizo zilizokuwa ukamilifu, na hakuna aliyewahi kuzipata. Watu waliipenda hesabu ile. Hata mimi niliipenda, sitawadanganya. Ukiiandika kwa chaki ubaoni unaona haki tupu.

Lakini kulikuwa na nyumba.

Bingwa alipewa nyumba ya matofali ile pale, kwa mwaka mmoja, yeye na watoto wake. Si matofali waliyoyapigania. Ndani ya ua wake kulikuwa na bomba, na ndilo bomba pekee la maji safi walilowekewa wafanyakazi wa Mbwego. Sisi wengine wa kambini tulichota kwenye mtaro, chini ya mashine, mahali maji yanapopita baada ya kuosha mkonge. Maji ya kijani, yananuka, yanawasha ngozi. Watu wazima tuliyazoea. Watoto walikufa. Kila Sabasaba jioni familia moja ilitoka na vyungu vyake na nyingine ikaingia, na waliotoka walirudi mtaroni siku hiyohiyo.

Mume wangu aliitwa Liganga, fundi wa mashine. Tulikuwa tumezika watoto wawili, na wa tatu, Sikudhani, alikuwa na miaka mitatu na tumbo lake lilikuwa limeanza kuvimba kama la wenzake. Liganga hakuwa mtu wa maneno. Alimtazama mtoto, akaenda karakana, akaanza kuichonga pikipiki yake tangu Januari. Mwaka huo hakuna aliyekuwa na kasi kama yake. Ntahondi, Muha mmoja mrefu aliyekuwa akimfuata kwa karibu, alisema wazi kwamba yeye anawania nafasi ya pili.

Siku kumi na moja kabla ya Sabasaba mashine ya mkonge ilimkamata Liganga mkono wa kulia. Ikamwachia kidole gumba na viwili vingine visivyokunjika. Na mkono wa kulia, kama hamjui, ndio unaoshika mafuta.

Ingekuwa leo, angelala. Angekosa Jumamosi moja, angekosa mbili, angerudi na kujumlisha zilizobaki. Siku ile hapakuwa na kulala. Mzee Sekiboko, mnyapara mkuu aliyekuwa mwamuzi, aliulizwa kama siku inaweza kusogezwa. Akajibu kwamba Sabasaba haijawahi kuangukia tarehe nane.

Asubuhi ya Sabasaba Liganga aliniletea kamba. "Mama Sikudhani," akaniambia, "nifungie mkono kwenye usukani."

Nikamwambia, "Na ukianguka?"

"Sitaanguka."

"Kila mtu huanguka, Baba Sikudhani."

"Basi uchague," akasema. "Mimi au yule." Na yule alikuwa amekaa mlangoni anakunywa maji ya mtaro kwa kopo.

Kazi yangu shambani ilikuwa kufunga marobota ya singa. Fundo la robota ndilo fundo nililolijua, na nililijua kuliko mwanamke yeyote hapa. Unalifunga kamba ikiwa imelowa, ikikauka inakaza. Halifunguliwi, hukatwa kwa kisu. Nikamfunga fundo hilo. Kila alipomaliza mbio nililikata, na kila alipotoka tena nililifunga upya. Wenzake walimcheka. "Liganga, leo unaendesha au unasafirishwa?" Akashinda ya kwanza. "Mpelekeni bandarini, mzigo umeshafungwa!" Akashinda ya pili, ya tatu na ya nne. Hapo kicheko kikaisha.

Mbio ya tano ilimkutanisha na Ntahondi. Utepe wa kuanzia mbio ukapanda, wakatoka. Mizunguko mitatu Liganga alikuwa mbele. Kwenye kona ya mwisho gurudumu la nyuma lilipita upande, akalala. Mwendeshaji akilala huachia. Pikipiki inakwenda zake, yeye anabingirika zake, anainuka anatukana. Liganga hakuweza kuachia. Pikipiki ikateleza inanguruma, mafuta yako wazi maana mkono uliofungwa ndio uliokuwa umeyashika, na yeye nyuma yake kama gunia. Wakavuka mstari namna hiyo, mbele ya Ntahondi, wakaenda mpaka kwenye nguzo ya zege. Mashine iliendelea kunguruma. Ntahondi alikimbia akalikata fundo langu, lakini hapakuwa na wa kumkatia.

Sasa sikieni watu walivyo. Mwili uko chini, na wanyapara wanabishana. Kanuni ilisema mwendeshaji avuke mstari pamoja na pikipiki yake. Mmoja akasema alivuka. Mwingine akasema hakuwa amekaa. Mzee Sekiboko akafikiri, akasema kanuni haikutaja kukaa. Akaandika tatu. Kumi na tano, kwa mara ya kwanza tangu uwanja uwe uwanja. Liganga akawa bingwa, akaingizwa kwenye nyumba yake akiwa amelala kwenye mkeka, na maji ya kumwoshea yalitoka kwenye bomba lake mwenyewe.

Nikakaa mwaka mle. Sikulia sana, nilikuwa na kazi ya kuchota. Tumbo la Sikudhani likanywea. Mnaoniuliza kama nilijuta, sijawahi kujua niwajibu nini, kwa hiyo msiniulize.

Sabasaba iliyofuata nilikuwa nafunga vyungu vyangu ili niwapishe wengine. Ntahondi akabisha hodi, amefuatana na mkewe. Mikono yake yote mizima, vidole kumi. Ameshika kamba, ncha yake moja imekwisha kufungwa kwenye kifundo cha mkono wa kulia.

"Shemeji," akasema, "nifungie kama ulivyomfungia marehemu."

"Wewe unaumwa wapi?"

"Siumwi. Nataka kumi na tano."

Nikadhani anatania. Nikatoka nje, nikaona waendeshaji wengine wamekaa ukutani kwangu, kila mmoja na kamba yake, imelowekwa. Wale wale waliocheka. Mwaka mzima walikuwa wamelizungumza, wakakubaliana kwamba Liganga alipata alichokosa kila mtu kwa sababu ya fundo. Na wengine walikuwa wamekwisha kufungwa na wake zao, kamba zinaning'inia kwenye vifundo vya mikono. Wake zao nao walikuwa wafunga marobota. Nikamtazama mke wa Ntahondi. Alikuwa na mtoto mgongoni, na tumbo la mtoto yule nililijua.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wale hawakuwa wajinga. Mtu ukimpa siku moja na bomba moja, atajifunga hata shingo.

Nikaingia jikoni nikachukua kisu. Nikaanza na Ntahondi, nikamkatia ile kamba yake vipande. Nikaenda kwa wa pili na wa tatu. Mmoja akanisukuma, nikamwambia anisukume tena mbele ya mkewe, akaacha. Nikamaliza wote kumi na sita. Kisha nikaenda uwanjani nikasimama mbele ya utepe, kisu mkononi, Sikudhani kanishika kanga.

Mzee Sekiboko akaja na chaki yake. "Mama Sikudhani, toka uwanjani. Muda umefika."

"Muda wa nini? Wa kunitafutia mjane mwenzangu?"

"Hii ni desturi. Hukuianzisha wewe."

"Niliimalizia mume. Sikiliza, mzee wangu. Siku moja inampandisha mgonjwa kwenye pikipiki. Wape siku nyingi, mgonjwa alale moja."

"Siku ngapi?"

Sikuwa nimefikiria. Ilikuwa tarehe saba ya mwezi wa saba, nikasema saba, moja kila mwezi.

"Na nyumba? Mtu akae wapi wakati unahesabu miezi saba?"

"Nyumba kaa wewe. Bomba litoe nje."

Akacheka. Alicheka peke yake. Nyuma yangu Ntahondi alikuwa ameilaza pikipiki yake chini, na wa pili akailaza yake, na wote. Sekiboko alisema watarudi wenyewe kesho. Kesho yake mafundi hawakuwasha mashine. Kesho kutwa mkonge ukaanza kuoza kwenye troli. Siku ya tisa bomba lilivutwa mpaka kambini na siku zangu saba zikakubaliwa, na msifikiri ni huruma. Mkonge ulikuwa unanuka mpaka ofisini. Mtoto wa Ntahondi hakuyawahi maji yale. Alizikwa siku ya saba.

Vipande vya kamba nilivyovikata vilibaki kwenye mikono ya baadhi yao, maana fundo la robota nililisema, ni gumu. Ntahondi aliporudi karakana akiwa na chake mkono wa kulia, alikitazama siku nyingi. Mwisho akakikata, akafunga kingine cha fundo jepesi, na ncha ya pili akaifunga kwenye kizibo cha umeme wa injini. Mtu akianguka, kamba inachomoa kizibo, mashine inazima. Kamba ileile. Zamani ilimshika mtu, sasa inaishika mashine.

Na tangu mwaka uliofuata bingwa wa Mbwego huhesabiwa kwa Jumamosi saba, mwezi hata mwezi, Juni mpaka Desemba, na aliyevunjika Julai anaweza kulala akarudi Septemba. Najua mnavyosema. Mnasema siku hizi hakuna utamu, bingwa anajulikana Novemba, Desemba watu wanaondoka kabla ya mbio ya mwisho. Kweli. Nami nawaambia utamu ule niliuona kwa karibu, na uliishia kwenye nguzo ya zege. Wapo waliokufa hata katika hizi Jumamosi zenu, watatu, nawajua kwa majina. Lakini hakuna kati yao aliyekufa kwa kukosa siku nyingine.

Tena kabla utepe haujapanda mnawaona waendeshaji wote wanne wakiinua mkono wa kulia juu, na ninyi mnapiga makofi, mnapunga mikono, mnadhani wanawasalimu. Hawawasalimu. Wanamwonyesha mwamuzi fundo, kwamba linafunguka.